Kwanini lipiko, yule mcheza kinyago wa Kimakonde, akitoka kijijini tunamshangilia, lakini mtu akivaa vazi la ajabu mjini anapigwa mawe?

#1 Chiku wa Mbagala
Wakuu habari za saa hizi. Niende moja kwa moja.

Mdogo wangu wa mwisho ana kibarua tangu mwezi wa pili, anavaa lile vazi la kuku la sponji, la manjano, anasimama nje ya duka la chipsi anacheza muziki wa spika ili wateja waingie. Jumamosi dogo mmoja kama wa miaka 12 akamrushia jiwe, wenzake wakafuata, alafu likatokea jibaba zima na ndevu zake likasema "hebu tuone kama kuna mtu humo" likampiga ngumi ya kichwa. Sasa yule ndani anaona kwa kupitia mdomo wa kuku, kuna kawavu keusi pale, kichwa kikizunguka haoni kitu. Akajikwaa kwenye ngazi ya fremu, goti likachanika. Watu wanacheka. Na sharti la kazi ni kwamba ukiwa ndani ya vazi huruhusiwi kuongea, kwahiyo hata "jamani naumia" hakusema. Usiku nikawa namwosha goti, kimya tu, anaangalia ukuta.

Kinachonisumbua ni hiki. Sisi kwetu Newala. Nikiwa mdogo lipiko akitoka tulikuwa tunakimbia tunapiga mayowe, tunarudi, tunakimbia tena, na hakuna mtoto aliyewahi kuokota jiwe. Na yule naye kafunikwa mwili mzima, naye haongei, naye anaona kwa mdomo. Tofauti ni nini? Naombeni mawazo, nauliza kwa moyo kabisa.

#2 Kifaru Mpole
Pole kwa dogo. Naweka kambi hapa, waje wajuzi.

#3 Konda Mstaafu
Dada Chiku pole. Jibu ni fupi, mjini anayeficha sura ni mwizi mpaka athibitishe vinginevyo. Nimefanya ukonda njia ya Mbagala miaka 14, mtu akipanda na kofia imeshuka hadi puani daladala nzima inashika mifuko. Na tangu zile vurugu za panya road, yale makundi ya vijana waporaji, watu hofu imewakaa kooni. Huko Newala mnajuana, ukoo fulani, nyumba fulani, hata akijifunika gunia mnajua huyu wa kwa fulani. Hapa Dar hatujuani.

#4 Fundi wa Mwenge
Konda nakuheshimu ila hapo sikubaliani. Mwizi gani anavaa kuku wa manjano alafu anacheza mbele ya spika? Wale watoto hawakumuogopa ndo maana wakarusha mawe. Kitu unachokiogopa unakikimbia, unachokidharau ndo unakirushia jiwe.

Mimi nachonga, nipo pale soko la vinyago Mwenge tangu 1998. Wateja wanapenda kunitajia ile methali, kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Aliyeitunga sidhani kama alikuwa mchongaji. Marehemu baba alikuwa na kichwa kimoja cha mapiko, cha mti mwepesi sio mpingo (mpingo ukiuvaa kichwani shingo inakatika), nywele za mtu kabisa zimegandishwa kwa nta, na chale za usoni zimechorwa kwa nta hiyohiyo. Ukikigeuza, kwa ndani pale paji la uso linapokaa mti umekuwa mweusi na laini kama mpini wa jembe la zamani, jasho la watu hilo. Kilikuwa juu ya kabati, na baba aliyekichonga kwa mkono wake alikuwa hakipi mgongo akivua shati. Nimeliona hilo kwa macho yangu.

#5 Nang'olo
Wajukuu salama? Kabla hatujaenda mbali nirekebishe jambo. Binti anasema Newala, lipiko. Wamakonde wa upande huu wa mto Ruvuma tunasema midimu. Mapiko ni ya wenzetu wa Mueda, Msumbiji, mmoja lipiko wengi mapiko. Walivuka nayo, wengine walikuja kukata mkonge, wengine walikimbia vita ya kumtoa Mreno iliyoanza 1964. Midimu kuna ya sura, inafunika uso, na kuna wanaocheza juu ya milonjo, miguu ya miti mirefu kupita paa. Mjerumani Karl Weule alifika Newala 1906 akaikuta na akaipiga picha, sio jambo la juzi. Lipiko yeye kichwa chake kinavaliwa kama kofia ya chuma ya askari, kinainama kwa mbele.

Sasa swali lenyewe. Kinyago hakitoki peke yake. Kabla ya kukiona unasikia ngoma, vinganga vinalia kwanza vile vidogo vya vijiti, wanaume wameshajipanga, wanawake wameshaanza kuimba, kuna wa kumuongoza na wa kumrudisha. Akisogea upande wa watoto mpigaji anajua, anabadilisha mkono na yule anarudi. Huyo kijana wenu wamemsimamisha barabarani bila watu. Hiyo kwetu haijawahi kuwepo, kinyago kisichokuwa na watu.

#6 Chiku wa Mbagala
Shikamoo mzee Nang'olo. Kweli kabisa, mama yangu watu wao walitoka Mueda ndo maana tulisema lipiko, kijijini walicheza zote mbili. Asante.

Fundi hapo kwenye dharau umenigusa, maana mdogo wangu alivyoanza kuongea neno la kwanza alisema "dada hawakuniogopa hata kidogo". Kama vile angependa wamuogope.

#7 Mtoto wa Gerezani
Mi nalipinga hili la kwamba mjini hatujuani. Kila mtaa una mtu wake. Kwetu Gerezani kulikuwa na mzee anavaa koti la baridi, gambuti, na redio isiyo na betri kaifunga shingoni kwa kamba ya katani, saa 12 asubuhi yupo kona anaongoza magari. Magari yanamtii! Dereva anasimama anasubiri mkono wake. Mama ntilie walikuwa wanampa chai ya kwanza ya siku, hawauzi kabla hajanywa, wanasema ana mkono wa heri. Siku moja kijana mgeni, katoka mkoa wiki hiyohiyo, akamvua kofia akaitupa kwenye mtaro. Wale wabeba mizigo walimfuata taratibu bila kumgusa, wakamwambia ingia mtaroni, itoe, ifue, mvalishe. Akaifua pale bombani watu wamesimama wanamuangalia.

Kwahiyo sio vazi. Yule chizi alikuwa wetu, na kuku wa sponji ni wa duka.

#8 Sista Wodi 4
Mkuu #7 umesimulia vizuri mpaka nimeona redio. Ila naomba neno chizi tulipunguze humu. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, na watu wengi mnaowaita vichaa wa mji ni wagonjwa ambao dawa iliisha wakakosa nauli ya kurudi kliniki. Kuna mama alikuwa anavaa mifuko ya rambo kichwani tabaka kwa tabaka, mtaa mzima unamuita malkia. Alipopata nafuu aliniambia kila safu ilikuwa ya kuzuia sauti moja, zilikuwa sauti nyingi. Watoto walikuwa wanamvuta mfuko wanakimbia nao. Kwao mchezo, yeye sauti inarudi.

Na huyo mzee wa Gerezani kupewa chai ni jambo jema sana, lakini je kuna aliyempeleka hospitali?

#9 Mtoto wa Gerezani
Sista hapana. Hakuna. Nimekaa na hilo swali lako toka asubuhi.

#10 Mtumbatu
Mnaongelea mawe, mie niliona zaidi ya mawe. Mwaka 1995 ile khofu ya popobawa, pepo lilosemwa linavamia watu usiku, ilianzia Pemba ikaja Unguja. Watu walikuwa wanalala nje, wanawasha moto barazani, wanaume wanakesha. Mie nlikuwa kijana wa shule, nlikesha nao. Basi mjini akakamatwa kijana mgonjwa wa akili, si mwenyeji, katoka bara, watu wakasema ndiye huyu, wakamuua. Hakuwa na pembe wala mbawa. Alikuwa na nguo chafu na maneno yasoeleweka basi.

Tangu hapo nkiona kundi limemzunguka mtu wa ajabu sipiti nkaenda zangu, nasimama.

#11 Kifaru Mpole
Allah amrehemu. Lakini mkuu Mtumbatu popobawa si kinyago, hakuna aliyevaa kitu pale. Tunachanganya mada.

#12 Mtumbatu
Nimeleta kwa sababu bwana wa ndevu kasema "hebu tuone kama kuna mtu humo". Na wale wa 1995 walisema maneno ya namna hiyohiyo, wanataka kujua huyu ni mtu au si mtu, na njia waloijua ya kupima ni kupiga.

#13 Ng'wana Kisesa
Wadau mbona mnalia sana? Njooni Usukumani wakati wa Bulabo, sikukuu yetu ya ngoma, mwezi wa 6, pale Bujora Kisesa. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, wanashindana na ushindi ni mmoja tu, nani kavuta watu wengi. Kwahiyo vazi la ajabu kwetu ni silaha ya mashindano! Bayeye wanatoka na chatu, wengine banunguli na nungunungu, mtu kajipaka majivu, mtu kavaa ngozi na kofia ya manyoya, unaachaje kwenda kuona? Na dawa ya mvuto nayo ipo, wazee wanaijua. Mtu wa vituko kwetu anasifiwa na anaalikwa kijiji kingine.

Nadhani tatizo la huyo kuku, dada usinichukie, ni kwamba hana mpinzani. Mwekeeni bata upande wa pili wa barabara muone kama kuna atakayerusha jiwe, watakuwa wameshagawanyika mashabiki.

#14 Konda Mstaafu
Hahaha Ng'wana Kisesa umeua. Kuku na bata Mbagala, mimi niko upande wa bata.

Ila ngoja niseme kitu, hiyo ya ushindani ni kweli na pwani ilikuwepo. Marehemu babu yangu Tanga alicheza beni, ile ngoma ya kuiga bendi za kijeshi. Beni ilianza huko Lamu na Mombasa, vita vya 1914-18 vikaisambaza hadi bara, vyama viwili vikubwa Marini na Arinoti. Wamevaa sare za kijeshi, suti, tai, fimbo ya afisa, wana vyeo, Jenerali, Kanali, na chama kina Kaiser wake. Babu alikuwa bawabu mchana, jioni Kapteni, na akipita na lile koti lake lenye vifungo vya shaba watu wa barabara 12 wanasimama. Bibi alikuwa anavisugua vile vifungo kwa majivu na ndimu kila Alhamisi. Hakuna aliyemwita kichaa.

#15 Pili Kibaha
Konda sasa hivi babu yako angelala ndani! Mnakumbuka Agosti 2023 jeshi lilitoa siku 7 kila raia mwenye sare za JWTZ au zinazofanana nazo azisalimishe. Mume wangu alikuwa na suruali moja ya madoa ya mtumba, aliipenda hiyo, ikabidi iondoke.

Kwahiyo vazi la kuigiza lina mwenyewe. Ukiigiza kuku unapigwa na watoto, ukiigiza askari unakwenda na askari.

#16 Bint Sur, Muscat
Asalaam aleikum. Mie nipo Oman mwaka wa 22 sasa, kwetu Unguja Ng'ambo. Nashangaa uzi umefika hapa na hakuna alotaja barakoa. Neno mnalolitumia tangu korona lilikuwa vazi. Bibi yangu mzaa mama alivaa barakoa yenyewe, kitambaa kigumu cha rangi ya nili kinachong'aa, kina kijiti katikati kinakaa juu ya pua, macho wazi. Bibi Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, alipigwa picha na mavazi yake na aliandika habari za barakoa za kina mama wa Unguja wa wakati wake. Hapa Oman mabibi wa Sharqiya bado wanayo, nili inawaachia rangi ya buluu kwenye pua na mashavu na wao wanaona ni uzuri.

Sasa mjukuu wa dada yangu alikuja kutoka Dar, miaka 5, akamuona bibi jirani na barakoa akalia akajificha nyuma ya friji. Watoto wa hapa wanamrukia mapajani. Barakoa ileile. Kwa hiyo mie nasema ni mazoea ya jicho tu, mtoto anaogopa alichofundishwa kuogopa na anadharau alichoona wakubwa wanadharau.

#17 Kaya Kwale
Wasalimie Muscat dada. Huku kwetu Kenya 2020 mambo yaligeuka juu chini, ukitembea bila barakoa faini elfu 20 ama miezi sita ndani. Yaani miaka yote aliyefunika uso ndio mshukiwa, ghafla mshukiwa akawa aliyeacha wazi! Nilikuwa natembea na kitambaa cha leso mfukoni nikiona polisi nafunga. Kwa hivyo Konda nadharia yako ya mwizi haisimami yenyewe, inategemea mwaka.

Halafu niwaambie Wamakonde wa humu, ndugu zenu wako kwetu Makongeni. Walikuja wakati wa mkoloni kufanya kazi za mkonge na miwa, wakakaa bila kitambulisho mpaka Oktoba 2016 walipotembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kumuona rais, na 2017 wakatambuliwa kabila la 43. Mimi nilikulia nao. Zamani ngoma yao ikitoka sisi Wadigo tulifungiwa ndani, mama anasema hao ni wageni na vitu vyao. Sasa wanaalikwa kwa sherehe za serikali, wanapewa maikrofoni. Watu ni walewale na kinyago ni kilekile. Kilichobadilika ni karatasi.

#18 Nang'olo
Mjukuu wa Kwale umeniletea habari njema. Sikujua kama wanacheza hadharani. Asante sana.

#19 Mwinjilisti Tabata
Bwana asifiwe. Nitasema ambacho wengi wanakizunguka. Vinyago vina asili ya mizimu, na wazee wenyewe walikuwa wanawaambia wanawake na watoto kwamba ni mfu amefufuka. Mkristo akikemea hakosei. Watu wa mjini wengi wameokoka ama wameshika dini, roho zao zinakataa kitu kama hicho hata kama hawajui kwanini.

#20 Fundi wa Mwenge
Mtumishi, kuku wa chipsi ana mzimu gani? Yule dogo wa miaka 12 alikemea nini?

Nisikuvunjie heshima, nina kanisa langu pia. Ila wateja wangu wakubwa wa shetani ni wachungaji, na ninaposema shetani namaanisha ule mtindo wa uchongaji alouanzisha mzee Samaki Likankoa hapa Dar miaka ya 50, viumbe vyenye jicho moja na mikono inayojikunja. Wananunua wanaweka sebuleni wageni waone. Kikiwa mezani ni sanaa, mtu akikiinua akakivaa ndo kinakuwa pepo. Kwanini kikipata miguu ndo tunaogopa?

#21 Mwinjilisti Tabata
Mimi sijawahi kuweka sebuleni. Lakini swali lako la miguu ni zuri, sina jibu la haraka.

#22 Mutu wa Bukavu
Jambo bandugu. Miye naandika toka Bukavu, munisamehe Kiswahili yetu. Baba ni Mulega, kabila ya huku kwetu Kongo. Kwetu mu Bwami, chama ya bazee, kuko vinyago vidogo sana, lukwakongo, vinaenea mu kiganja. Batu hawavivalake ku sura siku yote. Mutu anakishika mu mukono, anakifunga ku mukono wa juu, ama banavitundika ku lupango vyote pamoja, kila moja ni ukumbusho ya muzee mwenye alikuwa nacho mbele. Babelgiji bakakataza Bwami mwaka 1948, vinyago vikaenda Ulaya mu mizée (nyumba za makumbusho), sasa sisi batoto tunaviona mu intaneti.

Miye siyapate kuona hata kimoja na macho. Muko na bahati, nyiye munakimbia kinyago chenye kingali nyumbani.

#23 Chiku wa Mbagala
Ndugu wa Bukavu nimesoma mara tatu. Pole.

#24 Nang'olo
Nimesubiri kidogo kusema hili kwa sababu kuna mambo ya likumbi, jando letu, hayasemwi mbele ya kila mtu, na sitayasema yote. Lakini haya yameshaandikwa na wageni vitabuni kwahiyo sio siri tena.

Kijana akiingia likumbini anajua lipiko ni mfu. Ameambiwa hivyo tangu anyonye. Inafika siku analetewa yule mbele yake, karibu kabisa, na anaambiwa pambana naye. Miguu inatetemeka. Nilijikojolea, sioni aibu kusema, tulikuwa kumi na kila mmoja alijikojolea. Unampiga, unamkamata kile kichwa, unakivua, na unamkuta mjomba wako anatoka jasho anakutazama. Wakati huo ndipo unapoambiwa mambo, na unakula kiapo cha kutomwambia mama yako.

Kwahiyo binti, yule bwana wa ndevu aliyeuliza kama kuna mtu humo aliuliza swali la likumbi. Kila mwanaume ana hamu ya kuliuliza. Tofauti ni kwamba sisi tulipewa siku ya kuliuliza, tukapewa jibu, na tukapewa wajibu wa kumlinda aliyemo ndani maisha yetu yote. Yeye hakupewa lolote, kaenda kulichukua mwenyewe kwa ngumi.

#25 Mtumbatu
Mzee wangu. Sina la kuongeza.

#26 Mama Tatu Masasi
Shikamoo mzee Nang'olo. Naheshimu kiapo chenu ila na sisi wanawake tuseme letu. Mnadhani hatukujua?? Bibi yangu alinihadithia alijua mara ya kwanza tu alivyoolewa, maana babu alikuwa na kidole gumba cha mguu wa kushoto kilichopindia ndani, alikanyaga shoka utotoni. Lipiko katoka kajifunga nguo mpaka vifundoni, njuga miguuni, anacheza, vumbi linatimka, na kidole hicho hapo kimepinda. Bibi akapiga mayowe akakimbia kama wenzake. Usiku akampikia babu maji ya moto ya kukanda miguu, hakuuliza kwanini imevimba. Miaka 40 hakuuliza.

Kukimbia kwetu ilikuwa sehemu ya ngoma. Tusipokimbia yeye anacheza nini? Na huko Mueda siku hizi wanawake wana vikundi vyao vya mapiko wanavaa na kucheza wenyewe, jambo ambalo bibi angelisikia angekaa chini kwanza.

#27 Fundi wa Mwenge
Mama Tatu hicho kidole 😭

#28 Nang'olo
Mama Tatu, marehemu mke wangu naye alikuwa ananiwekea maji ya moto. Nimekaa hapa nafikiria.

#29 Konda Mstaafu
Basi leo sote tumejua kitu. Mimi narudisha nusu ya nadharia yangu. Nusu tu, ile ya kushika mifuko inabaki.

Dada Chiku dogo anaendeleaje?

#30 Chiku wa Mbagala
Samahani nilikuwa na msiba wa jirani.

Dogo karudi kazini Jumatano. Nilimsomea uzi huu karibu wote, alikaa chini miguu kaikunja anasikiliza, kwenye ile ya #24 akaniambia rudia. Kesho yake akaenda kumuomba mwenye duka mambo mawili, awe anaongea akiumizwa, na awe na mpiga ngoma. La kuongea amekataliwa. La ngoma amekubaliwa mradi duka lisilipe. Basi kuna kijana wa nyumba ya pili kwetu anapiga ngoma za mdundiko, wamekubaliana wagawane.

Ijumaa nilienda kuangalia nikasimama ng'ambo kwa muuza machungwa. Yule kijana kaanza kupiga kabla kuku hajatoka. Watoto wakaja wakasimama duara wenyewe, hakuna aliyewaambia. Mdogo wangu akatoka kwa nyuma anayumba kichwa vile lipiko anavyoinama, mi nikaelewa anachofanya, sidhani kama kuna mwingine alielewa. Watoto wakakimbia wanapiga mayowe wakarudi. Nililia pale kwenye machungwa.

Sijasema yameisha. Yule wa ndevu alikuwepo kasimama pembeni muda mrefu ananitia wasiwasi, hakufanya kitu. Mlevi mmoja alimvuta mkia. Na kuna mama mwenye mtoto mgongoni alivuka barabara haraka anasoma dua, Mtumishi huyo labda ni wako. Jumamosi mpiga ngoma hakuja, akawa peke yake, akarushiwa ganda la ndizi.

#31 Sista Wodi 4
Goti limefunga? Kama kuna wekundu na joto apelekwe, asisubiri. Na ndani ya hilo vazi anywe maji mengi, akicheza dakika 20 apumzike 10, sponji inapika mtu.

#32 Chiku wa Mbagala
Limefunga sista, asante. Ya maji nimemwambia.

#33 Ng'wana Kisesa
Bado nasubiri bata.

#34 Pili Kibaha
Jamani na njuga je, awekewe njuga miguuni ili hata mpiga ngoma asipokuja asikike anakuja. Dar zinauzwa wapi?

#35 Fundi wa Mwenge
Njuga za chuma njoo Mwenge uliza wachongaji wa upande wa nyuma, kuna mzee anazifua mwenyewe. Usichukue zile za mapambo za watalii hazitoi sauti. Afunge juu ya kifundo na aweke kitambaa chini yake, la sivyo zitamla ngozi. Dada Chiku mwambie aje na yeye nimpime kichwa, nina kipande cha mti mwepesi kimekauka vizuri, nataka nijaribu kitu.

#36 Chiku wa Mbagala
Atakuja Jumatatu.